Kengele Iliyolia Ikiguswa: Namna ya Kutafuta Kosa la Programu ya Simu



Ndugu wasomaji, katika makala hii nataka tujifunze namna ya kutafuta kosa katika programu ya simu ya mkononi. Sitaanza na nadharia ya darasani. Nitawaeleza kosa nililolifanya mimi mwenyewe, lililonichukua karibu wiki tatu kulipata, na ambalo lilimdhuru mtu ninayempenda. Wanaosoma kompyuta watapata humu mambo ya kutumia. Wasiosoma kompyuta watajua kwa nini simu zao wakati mwingine hukaa kimya pale zinapotakiwa kusema.

Mama yangu mkubwa anaishi Jinja. Ana presha ya kupanda, na daktari amemwandikia dawa mbili za kunywa kila siku: moja saa mbili asubuhi, nyingine saa mbili usiku. Ile ya asubuhi ni ya kupunguza maji mwilini. Ukiinywa usiku hulali, kazi yako itakuwa kuamka kwenda chooni mpaka alfajiri. Kabla sijaingilia mambo yake alikuwa na utaratibu wake mwenyewe. Chupa ya dawa ya usiku aliiweka kando ya mswala. Akimaliza isha, ananyoosha mkono, anakunywa. Miaka miwili utaratibu huo haukuwahi kumwangusha.

Mimi nilikuwa mwaka wa pili, hapa Kampala, nimejifunza Java muhula mmoja na nina hamu ya kuonyesha nilichojifunza. Nikamtengenezea programu ndogo ya kumkumbusha dawa: unaandika jina la dawa, unachagua saa, simu inalia na maandishi makubwa yanatokea kwenye kioo. Nikamwekea katika simu yake wakati wa likizo, nikamwambia, "Mama, usijisumbue tena kukumbuka. Iachie simu." Akaniamini. Chupa zote mbili akazihamishia kwenye kabati la jikoni.

Programu hiyo ilikuwa na makosa matatu. Mawili ya kwanza nitayapitia haraka, kwa sababu mtu yeyote anayeandika programu za Android atakutana nayo, na heri ayajue mapema.

La kwanza: ukipanga kengele mbili, inalia moja tu, ile uliyoipanga mwisho. Katika Android hulii wewe mwenyewe saa ikifika. Unampa mfumo kitu kiitwacho PendingIntent, ambacho ni kama bahasha iliyofungwa: "saa mbili ikifika, nifungulie hii." Kila bahasha ina namba. Mimi, kama wanafunzi wengi wanaonakili mfano wa kitabuni, nilizipa bahasha zote namba 0. Mfumo ukiona bahasha ya pili inafanana na ya kwanza na ina namba ileile, unaichukulia kuwa ndiyo hiyohiyo iliyobadilishwa saa, na ya kwanza inapotea bila neno lolote. Hakuna maandishi mekundu, programu haianguki. Dawa yake ni kuipa kila kengele namba yake. Hili nililigundua mapema, nikiwa bado nyumbani kwa mama, alhamdulillah.

La pili lilinitia aibu, kwa sababu lilihusu saa, na sisi watu wa huku tunadhani saa tunazijua. Kwa Kiswahili, na kwa Kiganda vilevile, siku huanza kuhesabiwa jua linapochomoza, basi saa mbili asubuhi ni saa 8 ya kompyuta, na saa mbili usiku ni saa 20. Kuongeza sita nilikumbuka. Nilichokosea ni neno moja. Katika Java, kalenda ina sehemu mbili za saa: HOUR, ambayo ni ya mzunguko wa saa kumi na mbili, na HOUR_OF_DAY, ambayo ni ya saa ishirini na nne. Nilitumia HOUR. Sasa angalieni ajabu yake. Ukiipa HOUR namba 8 bila kusema ni kabla au baada ya adhuhuri, inatazama wakati wa sasa. Kama ni asubuhi, inaelewa saa 8 ya asubuhi. Kama ni alasiri, inaelewa saa 8 ya usiku. Na ukiipa 20 wakati wa alasiri, inajumlisha kumi na mbili, inapata 32, inavuka usiku wa manane na kutua saa 8 asubuhi ya kesho.

Maana yake, aliyepanga kengele asubuhi alipata kila kitu sawa, na aliyepanga alasiri alipata kengele zote mbili zikilia, lakini zimebadilishana majina! Mimi siku zote nilijaribu asubuhi, kabla ya vipindi. Mama alipopanga upya siku moja baada ya alasiri, usiku simu ikamwambia anywe dawa ya asubuhi. Bahati nzuri vidonge vyake anavijua kwa rangi. Akanipigia: "Mwanangu, hii simu yako imechanganyikiwa." Nilipomuuliza aliipanga saa ngapi, nikalipata kosa kabla hatujakata simu. Tangu siku hiyo, programu yoyote yenye saa ndani yake naijaribu asubuhi, alasiri, na karibu na usiku wa manane.

Sasa tuje kwenye kosa la tatu, ambalo ndilo hasa lililonifanya niandike.

Kama mwezi mmoja baadaye mama alikwenda kliniki kupimwa. Presha ilikuwa imepanda kuliko ilivyokuwa miezi mingi. Muuguzi akamuuliza kama anakunywa dawa, naye akajibu kwa uaminifu kwamba ile ya asubuhi anakunywa, ila ya usiku siku nyingine inampita, kwa kuwa simu hailii. Binamu yangu ndiye aliyenieleza. Mama mwenyewe hakutaka kunihuzunisha.

Nikampigia. Na hapa nitasema ukweli juu ya nafsi yangu: jambo la kwanza nililofanya ni kumlaumu yeye. Nilimuuliza kama amepunguza sauti. Nilimuuliza kama wajukuu wanachezea simu. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema: "Inalia, mwanangu. Lakini inalia nikiigusa."

Nilimjibu, "Sawa, Mama, nitaitazama," nami moyoni nikasema haya ni maneno ya mtu mzima asiyeijua simu. Kengele gani inayosubiri kuguswa? Jibu lote la kosa langu lilikuwa ndani ya sentensi hiyo, nami nikaiacha ipite, nikafungua msimbo na kuusoma mstari kwa mstari kwa siku nne. Msimbo haukuwa na tatizo lolote nililoliona. Nikachukua simu yangu, nikaiunganisha na kompyuta kwa waya, nikapanga kengele ya baada ya dakika tano. Ikalia. Nikapanga ya saa mbili usiku, nikaiacha mezani ikiwa imeunganishwa. Ikalia sekunde ileile. Nikajaribu katika simu ya kuigiza iliyo ndani ya Android Studio. Ikalia. Nikamwandikia binamu kwamba programu ni nzima.

Ndugu wanafunzi, mkifika mahali ambapo kwenu inafanya kazi na kwa mwenye nayo haifanyi, acheni kuusoma msimbo. Mtausoma mpaka macho yaume na hamtaona kitu. Kinachotakiwa ni kuuliza: simu yake iko katika hali gani ambayo yangu haimo?

Mimi sikujiuliza hivyo kwa akili yangu. Mwenzangu wa bweni, anayesoma uhandisi wa umeme, ndiye aliyenifundisha. Alisema wao wakitafuta mahali umeme unapokatikia hawaanzi na taa. Wanapima katikati ya njia, kisha katikati ya nusu iliyobaki. Basi nikaichora njia ya kengele yangu. Kwanza programu inaukabidhi mfumo bahasha. Pili, mfumo unaifungua saa ikifika. Tatu, msimbo wangu unaamshwa. Nne, arifa inatokea kwenye kioo. Tano, sauti inatoka. Nilikuwa nimekazana na hatua ya tano, kwa sababu malalamiko yalikuwa ya sauti.

Nikaongeza kitu kidogo ambacho tangu siku ile sikuachi tena: daftari ndani ya programu. Ni faili ya maandishi tu. Kila kengele inapopangwa, programu inaandika saa iliyopangwa. Msimbo unapoamshwa, inaandika saa ulipoamshwa. Arifa ikitokea, inaandika tena. Wengi wetu tunategemea logcat, ambayo ni nzuri ukiwa na simu mkononi na kompyuta mbele yako, lakini maandishi yake hayakai. Yakijaa, ya zamani yanafutwa. Simu ya mtu aliye Jinja inahitaji daftari linalokaa. Binamu akaniwekea toleo hilo jipya katika simu ya mama, na baada ya siku tano akanitumia faili.

Asubuhi zote: ilipangwa 08:00, iliamshwa 08:00. Usiku wa kwanza: ilipangwa 20:00, iliamshwa 21:47. Usiku wa pili: 20:00, na 20:00. Usiku wa tatu: 20:00, na 22:13. Hakuna siku ambayo bahasha haikufunguliwa kabisa. Sauti haikuwa na kosa, arifa haikuwa na kosa. Mfumo ulikuwa unachelewesha.

Nilipompigia tena sikuuliza habari za simu. Nilimwomba anisimulie jioni yake tangu alasiri. Akasema anaiacha simu chumbani juu ya kabati, anatoka uani kupika na kukaa na majirani, anaswali maghrib hukohuko na isha vilevile, kisha anarudi ndani kulala. Akiishika simu kutazama saa, ndipo inalia. Na ule usiku wa pili? Ule usiku, akasema, betri ilikuwa imekwisha, akaiacha kwenye chaji tangu jioni.

Chaji! Nikatazama simu yangu mezani, na waya wake umeingia kwenye kompyuta.

Tangu toleo la 6.0, lililotoka mwaka 2015, Android ina hali ya kusinzia ambayo waundaji wake wameiita Doze. Simu ikiwa haijachomekwa kwenye umeme, kioo kimezimwa, na imetulia mahali pamoja kwa muda, mfumo unailaza ili kuokoa betri. Ikiwa imelala, programu hazipati intaneti, na kengele za kawaida zinawekwa kando mpaka mfumo utakapojipa dakika chache za kuamka na kushughulikia mambo yaliyolimbikizwa. Kadiri simu inavyokaa bila kuguswa, ndivyo nafasi hizo zinavyozidi kuwa mbalimbali. Na mtu akiiokota na kuwasha kioo, simu inaamka hapohapo na kengele zilizowekwa kando zinatolewa zote mara moja. "Inalia nikiigusa." Mama alikuwa ameieleza Doze kwa maneno mawili, wala hakuwahi kusoma ukurasa hata mmoja wa maelezo ya Android.

Asubuhi ilikuwa inalia kwa wakati kwa sababu asubuhi simu imo mkononi mwake, anapiga na kupigiwa. Na kwangu ilikuwa inalia kila mara kwa sababu waya niliouchomeka ili nilione kosa ndio huo uliokuwa unaichaji simu, na simu inayochajiwa hailazwi. Kila nilipoitazama kwa karibu, nililifukuza kosa kwa mkono wangu mwenyewe.

Nilikuwa nimetumia amri iitwayo setExact. Jina lake linakudanganya. Neno la pili linaahidi saa kamili, na kweli inatimiza, lakini simu ikiwa macho tu. Ziko amri nyingine mbili. Moja ni setExactAndAllowWhileIdle, inayolia hata simu ikiwa imelala, ila katika hali hiyo programu moja hairuhusiwi kuitumia zaidi ya mara moja katika dakika tisa hivi. Kwa dawa hilo halina shida. Nyingine ni setAlarmClock, iliyotengenezwa kwa ajili ya kengele ambazo mtu mwenyewe amezipanga na anazingojea. Mfumo huamka muda mfupi kabla ya saa yake, na alama ya saa hutokea juu ya kioo. Nilichagua hii ya pili. Mama anapenda ile alama, anasema ikiwepo anajua simu haijasahau.

Ila kubadilisha amri hakutoshi. Lazima ulione kosa kwanza, ndipo ujue umeliondoa. Hamna haja ya kungoja simu ilale yenyewe. Ikiwa imeunganishwa kwa waya, zima kioo, kisha andika kwenye kompyuta:

adb shell dumpsys battery unplug
adb shell dumpsys deviceidle force-idle

Amri ya kwanza inaifanya simu iamini kwamba haiko kwenye umeme, ya pili inailaza. Nilipofanya hivyo na programu ya zamani, kengele ya dakika tano haikulia. Nikaiamsha simu, ikalia. Sikumbuki lini nimewahi kufurahi hivyo kuona programu yangu ikishindwa. Baada ya hapo nikaweka amri mpya, nikarudia jaribio lilelile, ikalia kwa wakati wake. Ukimaliza usisahau kuirudisha simu katika hali yake, la sivyo utashangaa baadaye kwa nini haionyeshi kwamba inachaji:

adb shell dumpsys deviceidle unforce
adb shell dumpsys battery reset

Iko pia adb shell dumpsys alarm, inayokuorodheshea kengele zote ambazo mfumo umezishika. Orodha ni ndefu na mbaya kusoma, lakini ukitafuta jina la programu yako ndani yake utajua kama bahasha yako imepokelewa. Kama ningeijua siku ile ya bahasha zenye namba 0, ningemaliza kazi kwa dakika mbili. Na kwa simu za Android 11 na kuendelea mnaweza kuunganisha kwa Wi-Fi bila waya kabisa. Mimi sasa hufanya hivyo kila inapowezekana.

Mambo machache yaliyobaki niyaseme upesi. Simu ikizimwa, kengele zote zinafutwa. Mama akiishiwa chaji usiku, asubuhi hakuna kinacholia mpaka programu izipange upya baada ya simu kuwaka. Kwa hiyo ni lazima programu iombe kuarifiwa simu inapowaka, kwa ujumbe uitwao BOOT_COMPLETED. Kwa programu zilizoandikwa kwa ajili ya Android 12 na kuendelea, kengele ya saa kamili inahitaji ruhusa maalumu, na tangu Android 13 arifa nazo zinahitaji ruhusa ya mwenye simu. Kama simu yako ni ya zamani na ya mtumiaji ni mpya, hutayaona haya mpaka yakukute. Pia baadhi ya watengenezaji wa simu wameongeza vibana betri vyao wenyewe juu ya vile vya Android, na hivyo kila kimoja kina tabia yake. Hapo hakuna amri ya msimbo itakayokusaidia, inabidi ukae na mwenye simu, uingie naye kwenye mipangilio na kuiruhusu programu yako ifanye kazi bila kubanwa. Na mjukuu akienda kwenye mipangilio na kuisimamisha programu kwa nguvu, kengele zake zinafutika mpaka itakapofunguliwa tena. Nyumba ya mama ina wajukuu sita.

Nilikwenda Jinja mwenyewe kuweka toleo jipya. Nilimwomba radhi kwa siku zile ambazo dawa ilimpita, na zaidi kwa kutomsikiliza alipoeleza kosa wazi kuliko nilivyoweza mimi. Akacheka. Akaniambia nikamletee chupa ya dawa ya usiku kutoka kabatini, akaiweka kando ya mswala pale ilipokuwa zamani. Nikamuuliza kama haiamini programu tena. Akasema anaiamini, ila chupa haihitaji chaji.

Binamu bado ananitumia lile daftari kila Ijumaa. Wiki iliyopita usiku zote saba zilikuwa sawa: ilipangwa 20:00, iliamshwa 20:00. Nikampigia mama kumpa habari hiyo nzuri. Akasema, "Kweli, inalia sana siku hizi. Inanikuta nimeshakunywa."